Santuri ya Mwana kwa Mama Aliyemwacha

Mnamo mwaka 2015 mwimbaji wa Marekani, Sufjan Stevens, alitoa santuri iitwayo Carrie & Lowell. Carrie ni mama yake mzazi, aliyemwacha angali mtoto mchanga na akafariki mwaka 2012 kwa saratani ya tumbo. Lowell ni baba yake wa kambo.

Wasikilizaji hawakukubaliana. Walioipenda santuri yake ya mwaka 2005, Illinois, yenye matarumbeta na waitikiaji wengi, walilalamika kwamba hii karibu haina ngoma, ila nyuzi na sauti ya kunong'ona, kama mtu achelewaye usiku asitake kuwaamsha waliolala. Wengine waliiona ina huzuni kupita kiasi. Lakini waliofiwa na wazazi waliishikilia, kwani ilitamka jambo ambalo matangani ni vigumu kulisema: mtu aweza kumlilia mama ambaye hakupata kumjua vema.

Carrie alikuwa na maradhi ya akili, tena alitawaliwa na pombe. Mwanawe hayafichi hayo, wala hamshitaki. Mbele ya hilo, malalamiko ya ngoma ni madogo. Kinachorudi katika nyimbo zake ni majira machache ya kiangazi huko Oregon, utotoni, alipokwenda kukaa na Carrie na Lowell.