“Mambo?”: Ujumbe mfupi unaosaidia kuzuia SIDA

Tchomia inaishi kwa samaki wa Ziwa Albert. Mvuvi analala juu ya maji, kisha anavuka mpaka Uganda kutafuta soko. Wengine wamefika hapa wakikimbia vita katika Djugu. Kwa mtu anayemeza dawa za virusi vya SIDA, maisha ya kuhamahama yanafanya iwe rahisi kukosa dawa.

Jambo hili linagusa jamaa nzima. Dawa za ARV haziondoi virusi mwilini, lakini mtu anayezimeza kila siku, virusi vyake vinapungua mpaka kipimo hakivioni tena. Akidumu katika hali hiyo, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Basi kumsaidia mtu asiache dawa ni kumkinga na mwenzake.

Mwaka 2007, mradi wa WelTel ulianza kujaribu njia moja nchini Kenya. Kila wiki muuguzi alituma ujumbe wa simu wenye neno moja: “Mambo?” Mgonjwa alipewa saa 48 kujibu “Sawa” au “Shida”. Aliyejibu “Shida”, au aliyenyamaza, alipigiwa simu.

Watu 538 waligawanywa katika makundi mawili. Baada ya mwaka mmoja, virusi vilikuwa vimepungua sana kwa watu 57 kati ya 100 waliopata ujumbe, na kwa watu 48 kati ya 100 wasioupata.

Leo kuna programu nyingi za kukumbusha dawa, lakini zinataka simu kubwa na intaneti. “Mambo?” inafika hata kwenye simu ndogo. Tena haitaji ugonjwa: mtoto au jirani akishika simu, haoni siri yoyote. Lakini nguvu yake ni yule muuguzi anayepiga simu anaposikia “Shida”. Bila yeye, ujumbe ni sauti tupu.

Mwenye kutumia dawa, ukibadilisha namba au ukiweka laini ya Uganda, mjulishe muuguzi wako. Kanisa lenye umeme wa jua, liwachajie watu simu bila kuuliza za nini. Na sisi sote tufunge ulimi, kwa maana mtu anayeogopa kusemwa hatajibu “Shida”, hata akiwa amemaliza dawa.