Bunduki ya Raia, Hofu ya Polisi

Duka la bunduki nchini Marekani halijifichi. Katika miji mingi ya Texas au Georgia huwa kando ya barabara kuu, jirani na gereji na duka la vifaa vya ujenzi, na bango lake husomeka kutoka mbali. Ndani, bunduki ndefu zimepangwa ukutani na bastola zimelazwa chini ya kioo kama saa za mkononi. Mnunuzi hutoa kitambulisho, kisha hupewa Fomu 4473 aijaze. Humo huulizwa kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, kama anatumia dawa za kulevya, kama mahakama imewahi kuamuru alazwe kwa ugonjwa wa akili. Muuzaji hupeleka taarifa zake kwa FBI, shirika la upelelezi la shirikisho, na mara nyingi jibu hurudi baada ya dakika chache. Kwa mtu mzima aliyetimiza miaka 21, siku tatu za kazi zikipita bila jibu, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kumkabidhi silaha yake. Jambo moja fomu hiyo haiulizi: bunduki ni ya kazi gani.

Sasa mtazame mkulima wa Yorkshire, Uingereza, anayetaka bunduki ya kuulia mbweha wanaomaliza wana-kondoo wake. Yeye huanzia polisi. Huandika sababu ya kuihitaji, hutaja watu wa kumdhamini kwa tabia, na daktari wake hutoa taarifa kuhusu afya yake. Kisha askari humtembelea nyumbani. Hukagua kabati la chuma na jinsi lilivyofungwa ukutani, na huuliza funguo zinakaa wapi na nani mwingine anaishi humo. Akisema anaitaka kwa kujilinda na wezi, ombi limekufa hapo hapo, kwa kuwa sababu hiyo haikubaliki. Akipewa kibali, kitadumu miaka mitano, kisha aanze upya. Akitaka bastola, asijisumbue.

Tofauti ya pande hizi mbili za Atlantiki iko hapo. Ulaya, raia ndiye anayejieleza mbele ya serikali kwa nini apewe silaha. Marekani, serikali ndiyo inayojieleza mbele ya raia kwa nini imemnyima. Mengine yote, kuanzia idadi ya makaburi hadi namna askari anavyomkaribia dereva, yanatiririka kutoka kwenye chanzo hicho.

Chanzo chenyewe ni sentensi moja ya maneno 27, Marekebisho ya Pili ya Katiba, iliyopitishwa mwaka 1791. Taifa lilikuwa limetoka kumpiga mfalme wa Uingereza vitani, halikuwa na imani na jeshi la kudumu, na lilitegemea wanamgambo wa kila jimbo. Sentensi hiyo inataja wanamgambo wenye utaratibu mzuri, kisha inataja haki ya watu kumiliki na kubeba silaha. Kwa zaidi ya karne mbili wanasheria walibishana ni sehemu gani inayoitawala nyenzake. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, awe mwanamgambo au asiwe, na kwamba inahusu kujilinda nyumbani. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, mahakama hiyo ikaitoa haki nje ya mlango: jimbo la New York likaambiwa haliwezi kumtaka raia aonyeshe sababu maalumu ndipo apewe kibali cha kutembea na bastola. Leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 yanamruhusu mtu mzima kubeba bastola iliyofichwa bila kibali chochote.

Matokeo yanahesabika. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki milioni 393, yaani nyingi kuliko watu wenyewe. Uswisi, inayosifika kwa silaha zake, ilikadiriwa kuwa na bunduki kama 28 kwa kila watu 100. Marekani ilikuwa na 120. Mwaka 2021 Wamarekani 48,830 walikufa kwa risasi. Zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Takwimu hiyo haitajwi sana kwenye mabishano, lakini ina uzito wake, kwa sababu mtu aliyekata tamaa usiku mmoja akiwa na bastola kwenye droo hapati nafasi ya kuiona asubuhi.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Mkulima wa jimbo la Montana akiita polisi huenda akasubiri muda mrefu kabla ya kuona taa za gari lao. Uwindaji wa kulungu ni desturi ya familia, na baba humfundisha mwanawe kushika bunduki kama mvuvi wa Pemba anavyomfundisha wake kushika usukani wa ngalawa. Katika utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2023, asilimia 72 ya wenye bunduki walisema sababu kubwa ni kujilinda. Hawa si wahuni. Ni watu wanaoamini kwamba siku ya shari hakuna atakayewahi kuwafikia.

Wapo pia walioshika bunduki kwa sababu walimwogopa polisi mwenyewe. Mwaka 1967, mjini Oakland, California, vijana weusi wa chama cha Black Panther walikuwa wakifuata magari ya polisi wakiwa na silaha zilizoonekana wazi, kama sheria ya wakati huo ilivyoruhusu, ili kuangalia jinsi raia weusi walivyotendewa. Mwezi Mei wakaingia na bunduki katika jengo la bunge la jimbo mjini Sacramento. Haukupita muda, gavana Ronald Reagan, ambaye baadaye wapenzi wa silaha walimwona rafiki yao mkubwa, akatia saini sheria ya kuzuia kubeba hadharani bunduki zenye risasi. Tangu zamani, swali la nani abebe bunduki Marekani limekwenda sambamba na swali la rangi ya aliyeibeba.

Polisi wa Marekani hufanya kazi katikati ya bunduki hizo milioni 393. Hakuna jeshi moja la polisi. Kuna vyombo vipatavyo 18,000, vya miji, kaunti, majimbo na hata vyuo vikuu, kila kimoja na bosi wake na kanuni zake. Masherifu wa kaunti nyingi huchaguliwa kwa kura kama wabunge. Mafunzo ya kuanzia mara nyingi ni ya miezi kadhaa, wakati Norwei na Finlandi askari husoma miaka mitatu. Na somo moja hurudiwa chuoni hadi likakaa mwilini: kila gari unalolisimamisha linaweza kuwa na bastola ndani.

Julai 2016, karibu na mji wa Saint Paul, Minnesota, Philando Castile, mfanyakazi wa jiko la shule, alisimamishwa barabarani. Alimwambia askari kwa upole kwamba amebeba bunduki. Alikuwa na kibali chake halali. Sekunde chache baadaye askari alimfyatulia risasi saba na kumuua, mchumba wake na mtoto wa miaka minne wakiwa ndani ya gari. Baraza la mahakama lilimwachia huru askari huyo mwaka uliofuata. Castile alitumia haki yake kama Katiba inavyosema, na hofu iliyozaliwa na haki hiyohiyo ikamuua.

Hofu hiyo imewafikia hata wasemaji wa Kiswahili. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, Michigan, askari alisimamisha gari ambalo namba zake hazikulingana na gari lenyewe. Dereva alikuwa Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 mzaliwa wa Kongo, ambaye familia yake ilipokelewa Marekani kama wakimbizi mwaka 2014. Alishuka. Msomaji wa Bukavu, Mwanza au Mombasa haoni ajabu hapo, maana huku dereva akisimamishwa na trafiki mara nyingi hushuka, akasalimia, wakazungumza. Kwa askari wa Marekani, dereva anayeshuka bila kuambiwa ni dalili ya hatari. Askari akamwamuru Lyoya arudi garini. Lyoya akakimbia, wakashikana, wakagombania kifaa cha shoti ya umeme, na mwisho askari akiwa juu ya mgongo wake alimpiga risasi ya kisogoni. Lyoya hakuwa na bunduki. Baba yake alieleza msiba wake kwa Kiswahili mbele ya waandishi wa habari, mkalimani akimtafsiria. Askari alishtakiwa kwa mauaji. Mwezi Mei 2025 baraza la mahakama lilishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia kesi.

Kila mwaka polisi wa Marekani huua kwa risasi watu wapatao 1,000. Nchini England na Wales, zenye watu kama milioni 60, kwa kawaida hawafiki watano. Huko askari wengi hawabebi bastola kabisa, desturi iliyoanza na polisi wa London mwaka 1829. Norwei, kwa miaka mingi askari kwa kawaida waliiacha bastola imefungiwa ndani ya gari.

Siku ya tarehe 24 Mei 2022, hofu ya bunduki iliwageukia polisi wenyewe. Kijana wa mji wa Uvalde, Texas, alikuwa amenunua kihalali bunduki mbili za mtindo wa kivita siku chache baada ya kutimiza miaka 18. Aliingia na moja katika shule ya msingi akaua watoto 19 na walimu wawili. Askari 376 walikusanyika hapo. Dakika 77 zilipita kabla ya kumfikia na kumuua, watoto wakipiga simu za dharura kutoka madarasani. Baadhi ya askari walieleza baadaye kwamba waliiogopa aina ya bunduki aliyokuwa nayo.

Ulaya nayo imezika watoto. Machi 1996, katika mji mdogo wa Dunblane, Uskoti, mtu aliyekuwa na bastola zenye leseni aliua watoto 16 na mwalimu wao kwenye ukumbi wa michezo. Wazazi na majirani walikusanya saini zipatazo 700,000 wakitaka bastola zipigwe marufuku. Serikali ya Conservative ya John Major ilianza, ya Labour ya Tony Blair ikamalizia, na kabla ya mwaka 1997 kwisha bastola binafsi zilikuwa zimeharamishwa katika England, Wales na Uskoti. Wamiliki walilipwa fidia, na bastola zaidi ya 160,000 zilisalimishwa. Tangu siku hiyo hayajatokea tena mauaji ya halaiki ya risasi katika shule ya Uingereza.

Marekani, Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Aprili iliyofuata, pendekezo la kupanua ukaguzi wa wanunuzi lilipata kura 54 katika Baraza la Seneti, dhidi ya 46. Likaanguka, kwa kuwa kanuni za baraza zilidai kura 60. Katika Seneti kila jimbo lina viti viwili: Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina sauti sawa na California yenye watu karibu milioni 39. Juu ya hapo kuna chama cha wenye bunduki cha NRA, kilichoanzishwa mwaka 1871 kufundisha shabaha, ambacho mwaka 1977 kiligeuka kuwa mpiganaji wa kisiasa na kuwapa wanasiasa alama kama za mitihani. Sheria ya mwaka 1986 inakataza hata serikali ya shirikisho kuweka daftari la wamiliki wa bunduki. Polisi wakitaka kujua bunduki ya mauaji iliuzwa kwa nani, maombi hupelekwa katika kituo cha Martinsburg, West Virginia, ambako wafanyakazi hupekua karatasi na picha za karatasi za maduka yaliyofungwa, kwa kuwa hairuhusiwi kuzitafuta kwa jina kwenye kompyuta.

Juni 2022, mwezi mmoja baada ya Uvalde, vyama viwili vilikubaliana sheria ndogo inayoongeza uchunguzi kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21. Ilikuwa ya kwanza ya uzito kwa karibu miaka 30.

Wanaosema Ulaya haina bunduki wanakosea. Nchini Uswisi si ajabu kumkuta ndani ya treni mwanajeshi wa akiba anayerudi nyumbani na bunduki ya jeshi begani. Baada ya mtu kuua wajumbe na viongozi 14 katika bunge la jimbo la Zug mwaka 2001, mjadala ulidumu miaka mingi, na mwaka 2019 karibu theluthi mbili ya wapiga kura walikubali masharti makali zaidi. Ucheki iliingiza haki ya kujilinda kwa silaha katika sheria zake za kikatiba mwaka 2021, lakini raia wake hufanya mtihani kwanza. Wala polisi wa Ulaya si malaika. Juni 2023, mjini Nanterre, Ufaransa, askari alimuua kwa risasi kijana Nahel Merzouk wa miaka 17 aliyesimamishwa akiendesha gari, na nchi ikawaka moto kwa siku kadhaa. Sheria ya mwaka 2017 ilikuwa imewapanulia polisi nafasi ya kufyatulia magari risasi, na vifo vya namna hiyo viliongezeka. Hata Ulaya, mahali sheria ilipolegea, damu imemwagika.

Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki na Kongo huenda Marekani kila mwaka kusoma, kufanya kazi au kuungana na ndugu. Wazazi wanaowasindikiza uwanja wa ndege huwausia kuhusu baridi, masomo na marafiki. Waongeze na haya. Ukisimamishwa na polisi, usishuke garini. Zima injini, weka mikono juu ya usukani mahali inapoonekana, usiingize mkono mfukoni wala kwenye droo mpaka umesema unachotafuta na kuruhusiwa. Usikimbie, hata kama umeonewa. Dai haki yako baadaye, ukiwa na wakili. Na ukipanga katika nyumba yenye bunduki, uliza siku ya kwanza imefungiwa wapi.

Patrick Lyoya aliishi Marekani miaka minane.