Simtank, bomba la mlimani na presha ya maji

Ukishuka daladala Kiboriloni siku ya soko, inua macho kidogo kutoka kwenye mitumba: simtank nyeusi ziko kila upande. Wengi tunaamini tangi kubwa ndilo lenye presha kubwa. Sivyo. Presha, au kanieneo, haiangalii wingi wa maji. Inaangalia kina: densiti × g × kina, basi.

Chukua tangi la lita 5,000, kipenyo mita 1.8, maji kimo cha mita 2. Kwenye kitako: 1,000 × 9.8 × 2 = paskali 19,600. Kipande cha ukuta cha sentimita 10 kwa 10 kilicho chini kabisa kinasukumwa kwa nyutoni 191 hivi, karibu uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa. Juu kabisa ni sifuri. Kwa hiyo ukitaka kani ya ukuta mzima, tumia wastani, paskali 9,800, zidisha kwa eneo la ukuta, mita za mraba 11.3. Unapata nyutoni 110,000 hivi, yaani uzito wa zaidi ya tani 11. Ngoja, si maji yenyewe ni tani 5? Ndiyo, na hujakosea hesabu. Ukuta unasukumwa pande zote kwa pamoja, kani zinafutana, ndiyo maana tangi halitembei. Ila plastiki inavutika.

Sasa njoo kwenye bomba. Tuseme maji yanatoka mita 300 juu yako, upande wa Old Moshi. Hata bomba liwe la nusu inchi, yakisimama unapata paskali 2,940,000, karibu bar 29. Bomba lililoandikwa PN 10 linabeba bar 10, kama mita 100 tu! Ndiyo kazi ya yale matangi madogo ya kupunguza presha njiani: maji yanamwagika kwenye tangi lililo wazi, kina kinaanza kuhesabiwa upya. Anayeliruka ili "apate presha" anampelekea jirani wa bondeni mzigo wote.

Mchana hutaona kitu, koki zimefunguliwa na msuguano unakula sehemu ya presha. Usiku wote wakifunga, maji yanasimama, presha inarudi kamili. Bomba lako likipasuka saa tisa usiku, muulize fundi tangi la mwisho liko mita ngapi juu yako, kisha zidisha kwa 9,800.