Ulifanya Kazi Saa Moja? Kwa Takwimu, Wewe Una Kazi

Fikiria mama fua wa Kayole. Wiki nzima ameketi nje ya geti la fleti akingoja kuitwa, na ni Alhamisi pekee alipopata nguo za kufua. Akafua saa tatu, akatumiwa shilingi 500 kwa simu, akanunua unga na mafuta, zikaisha. Ukimuuliza, atakwambia hana kazi. Ukiuliza takwimu, zitasema anayo.

Hesabu hupigwa vipi?

Maafisa wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hutembelea nyumba zilizochaguliwa na kuuliza maswali. La kwanza ni hili: katika siku 7 zilizopita, ulifanya kazi ya malipo au biashara yako, hata kwa saa moja tu? Ukijibu ndiyo, unahesabiwa kuwa na kazi. Kipimo hicho ni cha Shirika la Kazi Duniani (ILO), na nchi nyingi hukitumia.

Ukijibu la, bado hujaingia kwenye orodha ya wasio na ajira. Ni lazima uwe umetafuta kazi katika wiki 4 zilizopita, na uwe tayari kuanza ukiipata. Aliyechoka kutafuta huwekwa kando kabisa.

Sasa chukua ploti yenye watu 10: 8 wanafanya kazi, 2 wanatafuta. Ukosefu wa ajira ni asilimia 20. Mmoja wa wale wawili akikata tamaa aache kutafuta, wanaohesabiwa wanabaki 9, na anayetafuta ni 1. Kiwango kinashuka hadi asilimia 11. Hakuna aliyepata kazi!

Kwa hivyo takwimu ni za uongo?

Hapana. Zinasaidia kulinganisha wakati mmoja na mwingine. Corona ilipoingia, kiwango cha KNBS kilipanda kutoka asilimia 5.2 katika robo ya kwanza ya 2020 hadi 10.4 katika robo ya pili. Tena ripoti hizo huwaonyesha kando waliokosa saa za kutosha za kazi. Shida ni kwamba kiwango kimoja kinachotangazwa hakisemi kama kazi inalipa kodi ya nyumba, wala kama wiki ijayo itakuwepo. Na hapa Kenya, ukiondoa wakulima wadogo na wafugaji, zaidi ya kazi 8 kati ya 10 ziko jua kali: vibanda, boda boda, mjengo, kufua.

Jipime mwenyewe

Kama unaishi kwa vibarua, itisha stetimenti ya simu yako ya miezi 3. Andika pesa zilizoingia kila wiki kutokana na kazi, uongeze ulizolipwa mkononi. Usihesabu mikopo, zamu yako ya chama wala pesa za kusaidiwa na jamaa.

Kisha tafuta wiki iliyokuwa mbaya zaidi. Kabla ya kuchukua mkopo, jiulize: wiki kama hiyo ikirudi, nitalipa na bado tule? Kama jibu ni la, punguza kiasi au ungoje kwanza. Na wiki ikiwa nzuri, weka kando kidogo siku hiyo hiyo pesa zinapoingia.

Takwimu zitasema una kazi. Stetimenti itakuonyesha kazi hiyo inakutosha kiasi gani.