Kodi, Mbwa na Mwenye Nyumba

Fungueni madaftari. Somo la leo ni haki za mpangaji katika Kenya.

Ikiwa kodi halali ya nyumba unayokaa haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, unalindwa na sheria ya mwaka 1959, Sura ya 296. Mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi apendavyo, usigombane naye. Lipa kodi mliyopatana, dai stakabadhi, kisha peleka shauri lako mbele ya baraza la kodi za nyumba. Baraza ndilo liamualo kodi ya haki.

Wala mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya baraza. Akikusumbua kusudi ili uhame, ametenda kosa.

Je, mbwa na kuku? Hapa mpangaji naye ana wajibu. Mapatano yakikataza kufuga, nawe ukafuga, umeyavunja. Hata yasipokataza, mbwa akibweka usiku kucha, umewaudhi majirani. Kuvunja mapatano na kuudhi majirani ni sababu mbili ambazo kwazo baraza laweza kuamuru utoke. Basi mtu aweza kushinda kwa kodi, akashindwa kwa mbwa.

Kodi ikizidi kiasi hicho, sheria hii haikulindi. Ngao yako ni mapatano yenyewe. Soma kila mstari kabla ya kutia sahihi.

Maswali:
1. Nani huamua kodi ya haki?
2. Kwa nini tudai stakabadhi?
3. Mapatano yako yasemaje juu ya kufuga?