MPIGA KINANDA AU PIANISTI?

Mwalimu wa Kiswahili wa Mbarara au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, aghalabu huwa na darasa lenye lugha nyingi. Akiuliza mtu anayepiga piano anaitwaje, aliyesoma kwa Kiingereza hukumbuka "pianist", na aliyetoka Kongo hukumbuka "pianiste" ya Kifaransa. Je, atakayeandika "pianisti" katika insha akatwe alama?

Tuanze na asili. Mwaka 1700 orodha ya ala za ukoo wa Medici, mjini Florence, Italia, ilitaja ala ya fundi Bartolomeo Cristofori iliyoweza kutoa sauti ndogo, "piano", na sauti kubwa, "forte". Jina "pianoforte" likafupishwa kuwa piano. Kiambishi "-ist" kina asili ya Kiyunani. Kilipitia Kilatini na Kifaransa hadi Kiingereza, nacho humtaja mtendaji.

Kiswahili kina njia yake. Kutokana na imba twapata mwimbaji, cheza, mchezaji. Lakini jina la kitu likifuata moja kwa moja, kitenzi hubaki na -a: mpiga ngoma, mpiga zeze, mpiga piano. "Piga" hapa si kuchapa. Ndiyo maana hata filimbi, ambayo hupulizwa, twasema inapigwa.

Vipi kuhusu "mpiga kinanda"? Zamani kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, jamii ya gambusi. Baadaye jina hilo likachukua ogani, piano na hata kinanda cha umeme tukionacho makanisani. Kwa hiyo neno moja latosha pale Kiingereza kinapotumia matatu: "pianist", "organist" na "keyboardist". Katika mazungumzo upana huo ni faida. Katika tafsiri waweza kupotosha, hivyo ni heri kutaja ala yenyewe: mpiga piano, mpiga ogani.

Basi tumjibuje mwanafunzi wetu? Kukopa si kosa. Piano yenyewe tumeikopa, na mkomunisti tumemkopa pamoja na "-isti" yake. Ila "-isti" haizai maneno mapya katika Kiswahili: hatusemi "ngomisti" wala "zezisti". Njia ya "mpiga" humwezesha mwanafunzi kutaja mpigaji wa ala yoyote, hata asiyowahi kuiona. Tukimkata alama bila kumweleza hayo, tutakuwa tumesahihisha neno moja na kumnyima kanuni ya kuundia mengine mengi.