Mavi ya Chuma Kwanza, Tiketi Baadaye

Anayejiandaa kwenda kwenye kongamano la kitaaluma kwa kawaida huanza na nauli, malazi na viza. Kwa anayekwenda kuzungumzia sera za kilimo au ushairi, mpangilio huo hauna kasoro, maana hoja yake yote imo kwenye karatasi na kompyuta. Katika taaluma ya uyeyushaji wa kale wa madini mambo ni tofauti. Wafua chuma wa zamani wa bara letu kwa sehemu kubwa hawakuacha maandishi, na chuma walichokitoa kiliuzwa, kikafuliwa upya au kikaliwa na kutu. Kilichosalia kwa wingi ni taka: mavi ya chuma yaliyoganda, vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha hewa ya mivukuto, na mabonge ya kuta za tanuri zilizoungua. Nashikilia kwamba maandalizi ya mtafiti wa fani hii hayana budi kuanza na jiwe hilo lisilo na sura, miezi mingi kabla ya kuulizia bei ya tiketi. Nashikilia pia kwamba waandaaji wasiolielewa hilo huamua, pasipo kukusudia, ni ushahidi wa nani utakaojadiliwa na ni wa nani utakaobaki stoo.

Sababu imo ndani ya jiwe lenyewe. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, na tanuri za kale za Afrika kwa kawaida hazikuhitaji chuma kifikie hali ya maji. Kilijitenga na uchafu wake kikiwa bado kigumu, ilhali uchafu wenyewe uliyeyuka na kutiririka kwenye kiasi cha nyuzi 1200 hivi. Kipande cha uchafu huo kikikatwa, kikasuguliwa mpaka king'ae kama kioo na kutazamwa kwa hadubini, huonyesha fuwele za fayalaiti, ambayo ni muungano wa chuma na silika, pamoja na chembe za oksidi na wakati mwingine matone ya chuma. Ukubwa wa fuwele na namna zilivyojipanga hueleza kama uchafu ulipoa upesi au polepole, na oksidi zilizobaki hudokeza ni kiasi gani cha chuma fundi alikipoteza. Jinsi ushahidi huu unavyokuwa na uzito inaonekana katika mjadala wa Buhaya. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa wameujua uyeyushaji tangu ujana wao walijenga upya tanuri na kuiwasha, huku watafiti Peter Schmidt na Donald Avery wakipima joto. Mwaka 1978 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Science wakidai kwamba mirija ya udongo iliyochomoza ndani ya tanuri iliipasha hewa joto kabla haijaufikia moto, na kwamba ustadi huo ulikuwapo upande wa magharibi wa Ziwa Victoria tangu miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Wataalamu wengine, akiwemo David Killick, walikataa kwamba ushahidi unatosha kubeba dai zito namna hiyo. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi, na kila upande ulipotaka kujiimarisha ulirudi kwenye vitu vilevile, yaani mirija na mavi ya chuma. Ufasaha wa kusema haukumsaidia mtu.

Basi jiwe lenye uzito wa hoja namna hiyo litavukaje mpaka? Hapa ndipo wengi huchelewa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inakilinda kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kubadilishwa na mkono wa mwanadamu kabla ya mwaka 1863, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Kenya, kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, imeweka mpaka wake kwenye mwaka 1895, nayo pia inadai kibali. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaziwekea nchi wanachama wajibu wa kuwa na hati za aina hiyo, kwa hiyo hata mwenyeji wa kongamano ana haki ya kuuliza jiwe limetoka wapi na kwa idhini ya nani. Pana kichekesho kidogo katika tarehe hizi. Umri wa mavi ya chuma mara nyingi hutafutwa kupitia mkaa ulionaswa ndani yake, na kipimo cha radiokaboni kwa karne tatu hivi za mwisho hutoa majibu mapana mno kiasi cha kutotenganisha kwa urahisi mwaka 1750 na mwaka 1870. Mtafiti anaweza kuombwa athibitishe umri wa kitu ambacho anakipeleka maabara ili umri wake ujulikane. Njia ya busara ni kukiombea kibali kila kipande kana kwamba ni cha kale, na kuomba mapema, hata kabla ikisiri haijakubaliwa. Ikisiri ikikataliwa, hasara ni ya karatasi tu. Kibali kikichelewa, hasara ni ya wasilisho zima.

Namna ya kubeba nayo si jambo la kupuuza. Bonge zima la mavi ya chuma lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, na katika mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege huonekana kama pande jeusi linalozua maswali. Hakuna haja ya kulibeba. Kinachofaa ni kukata kipande kidogo kwa msumeno wa almasi, kukigandisha ndani ya rezini na kukisugua hukohuko nyumbani. Kinachosafiri kinakuwa kidonge cha upana wa sentimita tatu hivi, kisafi, chenye namba, kinachoingia mfukoni na kuwa tayari kwa hadubini yoyote. Nusu ya pili ya jiwe ibaki makumbusho pamoja na picha inayoonyesha mahali lilipokatwa, ili mwenye shaka aweze kurudia kazi. Udongo na mkaa ni afadhali visifungwe kwenye begi bila idhini ya pekee, kwa kuwa nchi nyingi huzuia udongo wa kigeni kwa hofu ya magonjwa ya mimea. Nakala ya kibali ikae kwenye mkoba wa mkononi, maana maswali huulizwa pale mwenye begi asipoweza kulifikia.

Yanayobaki ni ya kila msafiri, nami sitayakalia sana. Viza ya Schengen huombwa mapema zaidi miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo na sasa hudumu maisha yote. Lakini tazama hesabu inavyokuwa: mwombaji huhitaji barua ya mwaliko, barua husubiri ikisiri ikubaliwe, na pengine ubalozi unaohusika haupo nchini mwake bali nchi jirani. Waandaaji wanaotangaza majibu miezi miwili kabla ya kongamano wamekwisha kumfungia mlango mtu wa Bukoba au Sumbawanga, hata kama barua yao imejaa maneno ya ukarimu.

Atatokea wa kuuliza kwa nini tuhangaike na vidonge vya rezini wakati picha za hadubini hutumwa kwa sekunde chache na mikutano ya mtandaoni imezoeleka. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwa asiye na nauli, na wasilisho la mtandaoni ni bora kuliko kiti kitupu. Ila picha ya hadubini ni uteuzi. Mwasilishaji ameonyesha nusu milimita aliyoichagua yeye, na mtaalamu anayetilia shaka hutaka kusogeza kipande, atazame pembeni, aone kama zile fuwele zinazodaiwa zimeenea au zilipatikana kona moja tu. Kifaa cha eksirei cha mkononi nacho husema kuna elementi gani, hakisemi zimejipangaje. Hata filamu The Tree of Iron ya mwaka 1988, iliyonasa uyeyushaji wa Wahaya kwa uangalifu, haikuweza kuumaliza ubishi wa hewa moto, kwa kuwa kamera haiingii ndani ya fuwele. Wengine hushauri sampuli itumwe kwa maabara ya ng'ambo na wenye maabara wawasilishe. Hilo hufanyika, na matokeo huwa mazuri, lakini aliyeokota jiwe, anayejua lilikuwa chini ya tanuri au kwenye jaa la kijiji, hubaki jina la tatu kwenye orodha na hayupo maswali yanapoulizwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: badala ya kusafirisha mawe, kwa nini kongamano lisisafiri? Mfululizo wa BUMA, unaohusu mwanzo wa matumizi ya metali, ulianzia Beijing mwaka 1981, na baadaye ukafika Bangalore mwaka 2009, Nara mwaka 2013 na Busan mwaka 2017. Ule wa Ulaya ulipita Milan, Aquileia, Bochum, Madrid na Miskolc kati ya 2003 na 2019. Kwa upande wetu, kongamano la akiolojia la Afrika nzima lilianzia Nairobi mwaka 1947 na mwaka 2022 likafanyika Zanzibar, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Nakubaliana nalo nusu. Mkutano wa hapa huwaondolea wengi viza, lakini ukumbi wa pwani uko zaidi ya kilomita 1000 kutoka Kagera, na vipande vya kulinganisha navyo kutoka India, Ulaya au Uchina bado vitalazimika kuletwa kwa vibali vilevile, safari hii vikielekea upande wetu. Faida halisi hupatikana pale ratiba inapoacha ukumbi. Ufipani baadhi ya malungu, tanuri za kimo cha mita tatu hivi zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, bado yamesimama. Siku mbili huko zingewaonyesha wajumbe mambo ambayo kidonge cha rezini hakiwezi kubeba: mwelekeo wa mteremko, umbali wa kuni na udongo, mahali uchafu ulipotupwa. Siku hizo zina gharama zake, nazo ziandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo: mkalimani wa Kifipa, posho ya wazee wanaojua habari za tanuri hizo, na kiti chao kwenye meza ya mjadala bila kudaiwa ikisiri.